Pampu Iwakayo na Kuzimika: Tuchunguze Kabla ya Kulaumu



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyetujaalia maji yawe uhai wetu na tohara yetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ammaa baad.

Wasomaji wetu wapenzi, tumeulizwa na zaidi ya mama mmoja juu ya jambo ambalo kwa dhahiri si la mlango wa darsa. Pampu ya maji ya bafuni, wasema, huwaka na kuzimika, huwaka na kuzimika, hata pale ambapo hakuna aogaye. Usiku nyumba imelala, nayo yanguruma kidogo, yanyamaza, kisha yanguruma tena. Tokeni za umeme zaisha kabla ya siku zake. Baba wa nyumba awauliza watu wake ni nani aachaye mfereji wazi. Mama amtazama msichana wa kazi. Msichana awatazama watoto. Na watoto waapa kwa Jina la Allah kuwa si wao. Na kwa nyumba za ghorofa, ambako pampu ni moja na familia ni nyingi, shutuma hupanda na kushuka ngazi zenyewe.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa urefu, kwani ndani yake mna mambo matatu ambayo dini yetu imeyatilia mkazo: maji yasifujwe, jirani asiudhiwe, na mtu asituhumiwe bila ya uthibitisho. Na pampu ni chombo kisichosema uongo. Ukijua kukisoma, kitakueleza chenyewe ilipo kasoro.

Pampu hufanya kazi gani

Kwanza tufahamu kwa nini pampu ipo. Wenyeji wa Mombasa twajua kwamba maji yetu hutoka mbali: chemchemi za Mzima, zilizo zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Hayaji kila siku, na yajapo hayana nguvu ya kupanda juu. Kwa hivyo kila nyumba huyahifadhi katika tangi. Tangi likiwa juu ya dari, maji hushuka kwa uzito wake, na nguvu yake hutegemea kimo. Kila mita 7 za kimo huyapa maji msukumo wa takriban paundi 10, paundi zile zile ambazo wenye magari hupimia upepo wa magurudumu. Basi tangi lililo mita 2 juu ya shawa halitoi hata paundi 3. Ndiyo maana maji hutiririka kinyonge, na ndiyo maana watu wakanunua pampu.

Pampu hizi hazina mtu wa kuziwasha. Huwashwa na presha. Umfunguapo mfereji, presha ndani ya bomba hushuka, swichi ikahisi, pampu ikawaka. Uufungapo, presha hupanda mpaka kiwango kilichowekwa, swichi ikakata, pampu ikazimika. Tuseme swichi imepangwa iwashe kwa paundi 20 na kuzima kwa paundi 40. Kati ya viwango hivyo viwili pampu hutulia.

Nyumba nyingi zina pia tangi dogo la chuma lililofungwa karibu na pampu, mara nyingi la lita 24, ambalo mafundi huliita tangi la presha. Ndani yake mna mfuko wa mpira: upande mmoja maji, upande wa pili upepo uliobanwa. Upepo ule ndio akiba. Ukinawa mikono kwa maji kidogo, upepo huyasukuma maji yaliyomo bila ya pampu kuhitajika kuwaka. Pampu nyingine hazina tangi hilo. Zina kifaa cha kielektroniki kilichofungwa juu yake, chenye taa ndogo, ambacho huwasha presha ishukapo na kuzima sekunde chache baada ya maji kuacha kupita.

Ukishafahamu hayo, swali la kwanza hujitokeza lenyewe. Je, pampu huwaka na kuzimika mifereji yote ikiwa imefungwa, au huwaka na kuzimika mtu akiwa anaoga? Haya ni maradhi mawili tofauti, na dawa zake ni mbali mbali. Anayechanganya baina yake atanunua pampu mpya na maradhi yatabaki pale pale.

Ikiwa huwaka na mifereji imefungwa

Pampu ikiwaka ilhali hakuna atumiaye maji, maana yake ni moja tu: presha inapotea, na presha haipotei ila maji yametoka mahali. Ama yametoka ndani ya nyumba, ama yamerudi nyuma kwenye tangi kubwa.

Kutofautisha baina ya hayo hakuhitaji fundi. Subiri pampu ijizime. Kisha ifunge koki iliyo baada ya pampu na tangi la presha, ile ipelekayo maji nyumbani. Itazame sindano ya geji kwa muda wa robo saa. Ikitulia pale pale, pampu yako ni nzima na maji yanavuja ndani ya nyumba. Ikishuka ingawa koki imefungwa, nyumba yako haina hatia: kasoro ipo upande wa pampu, na aghlabu ni ile valvu izuiayo maji kurudi nyuma. Valvu hiyo ni kitu kidogo chenye springi na mpira. Punje ya mchanga au kipande cha utepe wa fundi kikikwama ndani yake, haifungi sawasawa, na maji hurudi pole pole kwenye tangi. Kuisafisha au kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na pampu.

Tulipata kushuhudia nyumba ya ghorofa, familia sita, pampu moja. Wa chini waliwalaumu wa juu, na wa juu wakamlaumu mama mmoja mwenye watoto wengi, mpaka salamu zikakatika kwenye ngazi. Alipokuja mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya mabomba, hakumuuliza mtu swali lolote. Aliifunga koki kuu, akaketi juu ya ndoo, akaitazama geji. Sindano ikashuka. Valvu ya kuzuia maji ilikuwa imeshika mchanga. Watu sita walikuwa wamenuniana kwa sababu ya punje ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Mama yule aliombwa radhi, lakini alisema neno ambalo tulilichukua: kwamba pampu ilirekebishwa kwa nusu saa, na moyo wake haukurekebishika kwa mwezi.

Ikiwa geji imetulia, basi tuingie ndani ya nyumba. Mtuhumiwa wa kwanza si mfereji, ni choo. Tangi la choo huvuja kimya kimya. Maji huteremka ndani ya bakuli na hakuna sauti wala alama sakafuni. Chukua rangi ya chakula, ile tuitiayo kwenye biriani, uitie kidogo ndani ya tangi la choo, na asitumie mtu choo kile kwa nusu saa. Ukiikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini ya tangi umechakaa na wahitaji kubadilishwa. Ikiwa haikushuka, fungua kifuniko na utazame kama maji yamepanda hadi kumwagikia kwenye bomba la kati. Hapo kasoro ni ya boya: ama limewekwa juu kupita kiasi, ama valvu yake haifungi.

Baada ya choo, tazama mifereji yote, pamoja na ule wa nje na ule wa mashine ya kufulia. Zifunge koki ndogo zilizo chini ya sinki na nyuma ya vyoo, moja baada ya nyingine, ukisubiri kila mara. Ile ambayo ukiifunga pampu hutulia, hapo ndipo penye tatizo. Katika jengo lenye familia nyingi hufanywa vivyo hivyo: kila nyumba hufunga koki yake kwa zamu, mchana na kwa kupatana, watu wote wakishuhudia. Hapo haki hudhihiri bila ya mtu kunyooshewa kidole.

Na ikiwa koki zote zimefungwa nayo bado yawaka, chunguzeni kuta na sakafu. Rangi inayobabuka, unyevu usiokauka, au doa kwenye dari ya jirani wa chini ni dalili ya bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Jambo hili halingojei. Maji yakimteremkia jirani ni dhara juu yake, na yakiwa yametoka kwenye bomba la choo humharibia na twahara ya mahali pake pa kuswalia. Mwenye kuvuja ndiye wa kuondoa dhara, naye aanze bila ya kungojea kuitwa kwenye baraza la wazee.

Ikiwa huwaka na kuzimika mtu akiwa anaoga

Sasa tuje kwenye maradhi ya pili. Mtu yumo bafuni, maji yaja kwa nguvu, yanyong'onyea, yaja tena. Pampu yawaka sekunde mbili, yazimika sekunde mbili. Hapa mara nyingi hakuna kuvuja kokote. Kilichopotea ni upepo ndani ya tangi la presha. Maji hayabaniki kama upepo; tangi likijaa maji matupu, tone chache tu zikitoka presha huanguka ghafla, na tone chache zikiingia presha hupanda ghafla. Swichi nayo hutii: washa, zima, washa, zima.

Kulipima tangi kuna adabu yake. Zima umeme wa pampu kwenye swichi kuu. Fungua mfereji mpaka maji yaishe nguvu na geji isome sifuri. Kipimo cha upepo kilichochukuliwa tangi likiwa na maji ya presha ni kipimo cha uongo. Kisha tafuta kifuniko kidogo cha plastiki kwenye tangi. Chini yake mna pua kama ile ya gurudumu la gari. Ibonye kidogo kwa ncha ya kalamu. Yakitoka maji, mfuko wa mpira umepasuka, na dawa yake ni mfuko mpya au tangi jipya. Ukitoka upepo, upime kwa geji ya magurudumu. Kiwango kinachofaa ni paundi 2 pungufu ya pale pampu inapowaka: ikiwa huwaka kwa paundi 20, upepo uwe 18. Ukiwa umepungua, bomba la kutilia upepo magurudumu latosha kuurudisha. Hapana haja ya kujaza kupita kiasi kwa kudhani kuwa kingi ndicho kizuri. Upepo ukizidi kiwango cha pampu kuwaka, maji hukatika kabisa kwa muda kabla ya pampu kuamka.

Upepo hupungua wenyewe kwa kadiri ya miezi, kama magurudumu ya baiskeli iliyosimamishwa. Kwa hivyo kipimo hiki kifanywe mara mbili kwa mwaka, na tungependekeza Rajabu kimoja, ili nyumba iingie Ramadhani imetulia.

Ikiwa tangi ni zima, au hamna tangi, litazameni bomba la mvua lenyewe. Ardhi ya pwani yetu ni ya matumbawe, na maji ya visima vyetu huwa na chokaa na chumvi nyingi. Chokaa hujenga ukoko mweupe kwenye vitundu vya shawa mpaka vikaziba. Hapo maji yapitayo huwa machache mno, na presha hupanda upesi hadi kiwango cha kuzima ilhali mtu bado anaoga. Zile pampu zenye kifaa cha kielektroniki nazo huona maji hayo machache kama kwamba hayapo, zikazimika; presha ikashuka, zikawaka tena. Fungua kichwa cha shawa, kiloweke katika siki usiku kucha, kisugue kwa mswaki wa zamani, ukisuuze. Usisahau kichujio kidogo kilicho kwenye shingo yake. Humo ndimo mchanga hujificha. Mama mmoja alikwisha kutenga pesa za pampu mpya, na siki ya jikoni ikamtosha.

Ikiwa huzimika kwa muda mrefu, kisha huwaka

Yapo maradhi ya tatu. Pampu yafanya kazi vizuri, kisha yazimika robo saa au nusu saa, halafu yafufuka yenyewe. Iguse kwa nje, kwa tahadhari na umeme ukiwa umezimwa. Ikiwa imechemka, basi kinga yake ya ndani imeikata ili mota isiungue, na ilipopoa ikairudisha. Sababu ni nyingi: tangi kubwa lilikuwa karibu tupu ikawa inavuta upepo, umeme ni hafifu, imefungiwa ndani ya sanduku lisilo na tundu la hewa, au kile kitunza umeme kiwashacho mota kimechoka. La tangi tupu mwaweza kulitazama wenyewe. Yaliyosalia ni ya fundi.

Na hapa pana nasaha. Pampu iliyojizima kwa joto isilazimishwe kwa kuwashwa mara kwa mara. Wala yule fundi akwambiaye kwamba atakiondoa kile kinachoikata ili isisumbue tena, usimkubalie. Kinachosumbua ndicho kinachokulinda.

Umeme na maji havichezewi

Tunalotaka akina mama walishike kuliko yote ni hili. Kutazama geji, kufunga koki, kutia rangi chooni, kuloweka shawa: haya ni yenu na hayana hatari. Lakini kufungua kifuniko cha swichi ya presha, kugusa nyaya, kubadilisha mota, hayo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, na ni haki yenu kumtaka aioneshe. Yeyote akiguswa na umeme hata kidogo kwenye mfereji au shawa, bafu lile lifungwe na umeme uzimwe siku ile ile. Wengine hulifanyia mzaha, wakasema "shawa yetu hupiga kidogo." Hakuna kupiga kidogo kwa mtu aliyelowa maji.

Pampu inayowaka na kuzimika ina hatari nyingine kwa nyumba zenye shawa ya umeme ya maji moto. Kipasha joto hupasha kiasi cha maji kinachopita. Maji yakipungua ghafla, yale machache yaliyomo hutoka yakiwa ya moto mno. Yakizidi, hutoka baridi. Mtu mzima huruka pembeni. Mtoto mchanga, na bibi asiyeweza kusimama upesi, hawaruki. Mpaka pampu irekebishwe, hao waogeshwe kwa ndoo na kata, maji yakiwa yamekwisha kupimwa kwa kiwiko.

Na fundi ajapo, hifadhini adabu ya nyumba. Asiingie ndani kwa mwanamke aliye peke yake. Awepo mahramu, au kazi ifanywe siku ambayo watu wapo. Mwanamke aliyekwisha kufanya uchunguzi wake mwenyewe atamwambia, "Koki tumeifunga na sindano imeshuka," na fundi atakwenda moja kwa moja kwenye valvu. Hatazunguka vyumbani, wala hatomuuzia asichohitaji. Elimu ndogo namna hii ni sitara ya nyumba na ya mfuko pia.

Tufanye hesabu ya uadilifu

Tumesema kwamba pampu huleta tuhuma juu ya tokeni. Basi tufanye hesabu. Tuseme pampu yawaka sekunde 10 kila baada ya dakika 5. Hiyo ni mara 288 kwa siku, na jumla ya dakika 48. Pampu ndogo ivutayo nusu kilowati itatumia pungufu kidogo ya nusu uniti kwa siku, yaani kama uniti 12 kwa mwezi. Si kitu cha kupuuza, lakini si yote. Shawa ya maji moto ya kilowati 5, ikitumiwa na watu wanne kwa dakika 10 kila mmoja, hula zaidi ya uniti 3 kwa siku, yaani uniti 100 kwa mwezi. Kwa hivyo mwenye kulalamikia tokeni aanze hapo, aulize ni nani aogaye kwa muda mrefu, na asishangae jibu likawa ni yeye mwenyewe.

Hasara kubwa ya pampu ipo kwengine. Kila iwakapo, mota huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake kwa nukta ile, na nuncha za swichi huungua kidogo. Mara 288 kwa siku ni zaidi ya mara 8,600 kwa mwezi. Chombo ambacho kingehudumu miaka mingi huchakaa mapema, tena hukatika wakati wa haja, watu wakiwa wameshika ndoo kabla ya Alfajiri.

Na maji je? Weka kikombe cha robo lita chini ya mfereji udondokao. Kikijaa kwa saa moja, umepoteza lita 6 kwa siku, na lita 180 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi 9 ya lita 20, ile ile tuinunuayo kwa wenye mikokoteni mferejini kukikauka. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Tukumbuke kwamba Mtume (s.a.w.), kwa riwaya sahihi, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja, naye huenda akafika mudi tano. Mudi ni kujaa kwa viganja viwili vya mtu wa wastani, na pishi ni mudi nne. Kwa kadirio la wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi haifiki lita 3. Shawa ya kawaida ikisukumwa na pampu hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika moja. Hatusemi kwamba kuoga kwa shawa ni haramu, wala hatumkatazi mtu kujistarehesha kwa neema aliyopewa. Tunasema kwamba baina ya pishi moja na lita 100 pana uwanja mpana wa kutosha kila mwenye kumcha Mola wake. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa walioga kwa birika na kata, wakatoka wameng'aa, na birika lao halikuhitaji tokeni. Mtungi mmoja wa maji na kata bafuni hata leo si ushamba. Ni akiba ya siku ambayo umeme umekatika na mtu ana josho la wajibu juu yake.

Muhtasari wa nyumbani

Tukusanye. Pampu ikiwaka na kuzimika, uliza kwanza: mifereji imefungwa au imefunguliwa? Ikiwa imefungwa, funga koki kuu na utazame geji. Ikishuka ni valvu, ikitulia anza na choo. Ikiwa imefunguliwa, pima upepo wa tangi la presha, kisha safisha shawa. Ikiwa huzimika kwa muda mrefu, gusa joto, tazama tangi kubwa, na mwite fundi. Panapo umeme wa kupiga, zima kwanza, uliza baadaye. Na usiinue kiwango cha swichi ya presha ili "ipate nguvu" kabla ya kujua sababu. Utaongeza kuvuja na utaharakisha kupasuka.

Na mwenye kumtuhumu mtu wa nyumba yake, au jirani yake, kabla ya kufanya hayo, basi amekwenda kinyume na tulivyofundishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Msichana wa kazi ni amana mikononi mwetu. Mtoto aliyeapa kwa ukweli na asisadikiwe hujifunza kwamba ukweli haufai kitu. Pampu hupatikana dukani. Mambo hayo mawili hayauzwi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu twahara na utulivu, atubarikie maji yetu kidogo na kingi, na awaruzuku watoto wetu wazazi wenye subira ya kuchunguza. Wale wenye maswali wayalete kama kawaida, nasi tutayajibu kwa kadiri ya elimu tuliyoruzukiwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.